Sema Tu Ni Amisi

Wiki iliyopita mafundi walikuja kwenye maegesho ya apatimenti zetu hapa Brooklyn Park, wakaanza kukata mawe ya ukingo kwa msumeno wa umeme. Nilikuwa natoka shule, begi mgongoni, kichwa chini kama kawaida yangu, na harufu ikanifikia kabla sijainua macho. Kama hujawahi kunusa jiwe lililopata moto likapasuka, sijui nikueleze vipi. Ni kama kiberiti kilichozimwa sasa hivi, kama jino linalotobolewa na daktari. Nilisimama katikati ya magari nikajikuta nimekunja ngumi. Watu husema harufu huwarudishia utoto wao, halafu wanatabasamu. Mimi ilinirudishia hasira tu.

Naandika kwa ajili ya watu wa rika langu, hasa nyinyi mliojua Kiingereza kabla ya wazazi wenu. Nyinyi mnajua. Ulikuwa bado mdogo, na tayari ulishaingia na mama yako kwa daktari ukasikia mambo ambayo mtoto hapaswi kuyasikia. Ulishabishana na kampuni ya umeme kwa sauti ya mtoto. Ulishakaa kati ya mwalimu na baba yako, mwalimu anakusema vibaya, na wewe mwenyewe ndiye wa kumtafsiria baba huo ubaya wako. (Hapo nilipunguza chumvi, sitadanganya.) Mimi ni mtu wa aibu. Hata leo nikiitwa jina darasani masikio yanawaka moto. Lakini nyumbani nilikuwa mdomo wa familia, na kiangazi kimoja nikawa mdomo wa kanisa zima, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nataka.

Wazazi wangu ni watu wa Fizi, Kongo, ila mimi nilizaliwa kambini, upande wa Kigoma, na huko ndiko tulikotoka kuja Minnesota. Tonton Amisi alitufuata baadaye. Ni kaka mdogo wa Mama. Kwetu mjomba tunamwita Tonton. Alikuja peke yake, kwa sababu jina lake liliitwa kabla ya ndoa yake kuingia kwenye makaratasi, na mkewe, Riziki, akabaki kambini akiwa na mimba. Tonton alilala kwenye kochi letu, akafanya kazi kwenye ghala kule Eagan, akachukua kila ovataimu iliyotupwa mbele yake. Nikimuuliza kwa nini halali, alisema, “Nitalala Riziki akifika. Nitalala mwaka mzima, weye utakuwa unaniletea chai.” Maombi ya kumleta mkewe yalikuwa tayari yameshapelekwa. Kilichobaki kilikuwa kungoja, na kutoharibu kitu.

Kila Jumamosi ya kiangazi kile kanisa letu lilikwenda kwenye hifadhi ya jimbo, mwendo wa kama saa moja kwa gari. Sababu ilikuwa chakula. Kwenye apatimenti ukikaanga samaki mmoja tu, king'ora cha moshi kinalia hadi majirani wanatoka nje na mbwa wao. Lakini hifadhini kulikuwa na banda la mawe. Nasema banda, ila lilikuwa jumba: kuta za mawe ya rangi ya asali, magogo mazima mazima yamelalia juu kama boriti, na ndani yake meko makubwa ambayo mimi nilisimama wima ndani yake bila kugusa juu. Mama zetu walipika humo kama wako kwao. Moshi ulipanda wenyewe, hakuna king'ora, hakuna mtu wa kugonga mlango. Mawe yalikuwa baridi asubuhi na ya uvuguvugu jioni, na mimi nilipenda kubandika shavu ukutani wakati wengine wanacheza mpira.

Mlangoni palikuwa na ubao wenye maelezo na picha ya zamani, nyeusi na nyeupe. Tonton alinitaka nimsomee. Ulisema kwamba zamani, wakati kazi zilipokwisha nchi nzima na watu wakawa wanapanga foleni ya supu, serikali iliwachukua vijana wasio na ajira ikawapeleka porini. Wakapewa patasi, nyundo na mahema. Ndio waliochonga mawe haya na kuangusha magogo haya, na sehemu kubwa ya mshahara wao ilipelekwa moja kwa moja kwa wazazi wao. Kwenye picha walikuwa wamepanga mstari mbele ya mahema, wamekonda, kila mmoja ameshika sahani ya bati.

“Soma tena hapo pa mshahara,” Tonton akasema.

Nikasoma.

“Kumbe!” Alipiga paja. “Kumbe hata Wamarekani walikaa kambini wakatuma nyumbani. Ona huyu mwenye masikio. Huyu ni sawasawa na mimi.”

“Wewe huna masikio makubwa.”

“Nilikuwa nayo. Mama yako aliyavuta yakaisha.”

Aliniambia hivyo kwa mzaha, lakini mimi nilichukua kila kitu jinsi kilivyo. Mahema, foleni, sahani za bati: hiyo niliijua. Hiyo ilikuwa kambi yetu. Na kambini kwetu, mtu akifa, alizikwa kwenye kiwanja kile cha nyuma, mstari kwa mstari, na kila kaburi lilikuwa na namba yake. Mdogo wangu yuko huko, chini ya namba. Kwa hiyo akilini mwangu wale vijana walikuwa wakimbizi, walijenga jumba hili, halafu wakafa, kwa sababu kambini watu hufa. Sikumwambia mtu. Nilikuwa tu nawasalimia ukutani kila tukifika, kimoyomoyo.

Sasa nifike kwenye Jumamosi yenyewe.

Papa Ezekieli (kwetu baba, na kila mzee wa heshima, ni Papa) alikuwa mzee wa kanisa. Ndiye aliyewapokea watu wetu wengi uwanja wa ndege. Ndiye aliyemtafutia Papa wangu kazi ya usafi kwenye ofisi za Plymouth. Akikohoa, watu husema amina. Mwezi uliokuwa unakuja alikuwa anakwenda kuapa uraia, na siku ile ilikuwa sherehe yake ya shukrani. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi linang'aa, koti la suti amelitundika kwenye kiti, na alikaribisha makanisa mengine mawili. Watu walijaa.

Lakini tulipofika, banda lilikuwa linatengenezwa. Ukuta wa nyuma wote umeshushwa, meko yamezibwa kwa mbao. Mawe ya ukuta yalikuwa yamelazwa kwenye nyasi mstari kwa mstari, kila jiwe na namba yake ya chaki. Yalizungushiwa kamba ya manjano, upande mmoja imelala chini.

Nilijua ninachokiangalia.

Mama alikuwa na shida nyingine. “Bugali wa watu wote hawa nitausongea wapi?” aliuliza, mikono kiunoni. “Kwenye kile kitu?” Alikuwa anaonyesha yale majiko ya chuma ya kuchomea nyama, yaliyosimama kwa mguu mmoja kama korongo. Kama hujawahi kusonga bugali wa harusi huwezi kuelewa. Sufuria ni kubwa kama pipa, mwiko ni kama kasia, na msongaji huegemea kwa mwili wote. Sufuria ikitikisika imekwisha, utaunguza watu. Ndiyo maana panatakiwa mafiga, mawe matatu yaliyokaa chini sawasawa. Hakuna mama wa kwetu atakayekubali kitu kingine.

Papa Ezekieli alitembea hadi kwenye kamba, akatazama, uso ukafunguka. “Jamani, tazameni! Yamechongwa, yana mgongo sawa! Mungu ametuandalia mafiga.”

Palikuwa na kibao. Nilikisoma. Kilisema msiyaguse mawe haya. Na mimi, ambaye sikuwahi kuongea mbele ya watu bila kusukumwa, nikaongea. “Papa Ezekieli, msiyaguse. Ni makaburi.”

Kikazuka kicheko, kile cha watu wengi, kinachokuja kama mvua juu ya bati.

“Makaburi! Weye kadogo, Wamarekani wanazikwa juu ya nyasi?”

“Basi leo watafufuka na bugali!”

“Lakini imeandikwa,” nikasema. “Imeandikwa msiguse.”

“Imeandikwa!” Papa Ezekieli akacheka hadi akafuta macho. “Mama Kadogo, huyu atakuwa mchungaji. Anatuhubiria.”

Walicheka makaburi, wakayasahau yale maneno mawili ya mwisho: imeandikwa msiguse. Hilo ndilo linalonichoma. Nilikosea kuhusu wafu, sawa, nilikuwa mtoto. Lakini kibao nilikisoma sawasawa. Papa Ezekieli aliinua kamba kwa mkono wake mwenyewe. Alibeba jiwe la kwanza amelikumbatia tumboni, na la pili, na la tatu, hataki kusaidiwa, anaonyesha nguvu mbele ya wageni. Chaki ikachapa namba kwenye shati lake jeupe, kinyumenyume, pale kwenye kitovu. Wote waliiona. Mtu mmoja alisema, “Papa, umeshapewa namba ya uraia,” wakacheka tena.

Tonton Amisi hakuwepo. Nataka mlielewe hilo. Alikuwa Eagan kwenye ovataimu, na alifika moto ukiwa umeshika, sufuria iko juu, maji yanatokota, Mama anamwaga unga. Alikuja na ile fulana yake ya kazi inayong'aa, anacheka, anauliza nyama iko wapi. Ndipo jiwe likapasuka.

Paa! Kama bunduki. Akina mama wengine walijitupa chini, kwa sababu sisi sauti hiyo tunaijua kwa maana nyingine. Sufuria ikalala upande wa Mama, na Tonton akairukia akaikamata kwa mikono mitupu, akaishikilia hadi Mama akaruka pembeni. Nusu ya bugali ilimwagika kwenye nyasi. Harufu ile ya jiwe ikajaa kila mahali. Mikono ya Tonton ilikuwa myeusi tii, na ngozi ya kiganja imeanza kujikunja. Mtu akasema, “Asante Yesu,” wakaanza kucheka kicheko cha watu waliopona.

Askari wa hifadhi aliusikia mlio ule akaja. Alikuwa mama wa makamo mwenye kofia pana. Hakupiga kelele. Alichuchumaa akaokota kipande cha jiwe chenye nusu ya namba, akakipuliza jivu. Aliposimama alikuwa bado amekishika. Alisema kila jiwe lilichongwa na mmoja wa wale vijana kwa ajili ya nafasi yake moja, na kwamba ukuta hauwezi kufungwa kwa lingine. Alisema kuna sheria. Halafu akauliza nani ameyachukua.

Wote wakanigeukia mimi. Nikatafsiri.

“Mwambie hatujui,” sauti ikasema nyuma.

“Amesema tusipomwambia ataita polisi waje waandike majina ya watu wote.”

Papa Ezekieli alikuwa amekwenda kwenye kiti chake. Joto lile, watu wanajipepea kwa sahani, yeye akavaa koti la suti. Akafunga kifungo cha juu, cha kati, cha chini. Kisha akasema kwa Kiswahili, polepole, mbele ya yule mama asiyeelewa neno, kama mtu anayetangaza wimbo: “Ndugu zangu, tusikilizane. Mimi naapa mwezi ujao. Nikiandikwa leo, miaka yangu yote imekwenda. Amisi ni kijana. Na huyu mama ameshaiona mikono yake.”

“Mimi nimekuta sufuria iko motoni, Papa,” Tonton akasema.

“Tunajua. Mungu anajua. Kanisa litakusimamia.”

“Na Riziki?”

“Riziki atakuja. Hii ni kesi ya mawe, mwanangu, si kesi ya damu.”

Tonton akamtazama Papa wangu. Papa alikuwa anatazama viatu vyake. Akamtazama Mama, dada yake, ambaye dakika chache nyuma yeye Tonton alikuwa amemwokoa asiungue. Mama alikuwa anakwangua mwiko. Aliukwangua na kuukwangua, na hakukuwa na kitu kwenye ule mwiko.

“Kadogo,” Papa Ezekieli akaniambia, na sauti yake ilikuwa tamu kabisa, “sema tu ni Amisi.”

Nilimtazama Tonton. Aliitikia kwa kichwa, akajaribu kunitabasamia. “Sema, kadogo. Usiogope. Sema.”

Nikasema. Kiingereza changu kilikuwa kizuri, walimu walikuwa wanakisifu. Askari akainama hadi uso wake ukawa sawa na wangu, akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo.

Siandiki haya ili nitubu. Nilisema hivyo kwa sababu watu wote niliofundishwa kuwaamkia walikuwa wamenizunguka na wamefunga midomo yao, wakafungua wangu. Walikuwa watu wazima. Walikuwa wamevuka ziwa usiku na watoto mgongoni, wamekabiliana na wanajeshi, wanatusimulia kila Krismasi jinsi walivyokuwa mashujaa. Na mbele ya mama mmoja mwenye kofia na kalamu, walimtanguliza mtoto. Nimejaribu kuwaelewa. Nimesali. Mchungaji wa vijana anasema hasira ni sumu ninayokunywa mwenyewe. Labda. Lakini naona wengine walikunywa soda siku ile na bado wana afya nzuri.

Tonton aliitwa mahakamani. Alilipa faini mwenyewe. Lile kanisa la kumsimamia lilikuwa na mambo mengine siku hiyo. Papa Ezekieli aliapa uraia wake, akapiga picha na bendera ndogo. Na ofisi iliyokuwa inashughulikia maombi ya Riziki ikasema kwamba kesi yoyote lazima ielezwe. Jalada likarudishwa nyuma. Likaelezwa. Likarudishwa tena. Mtoto alizaliwa kule kambini, wa kike, na Tonton hajawahi kumshika. Anamwona kwenye simu. Sasa anasoma darasa la kwanza, na akimwona Tonton kwenye kioo anamwamkia “shikamoo” tu, bila kumwita baba, kana kwamba ni jirani.

Tonton alihamia Iowa kwenye kiwanda cha nyama. Hakugombana na mtu. Aliondoka tu, na Mama akaacha kuimba kwaya bila kusema sababu. Mwaka jana wakili mmoja alimwambia Tonton kwamba mwenye kosa akijitokeza, au shahidi akieleza, kesi inaweza kufunguliwa upya na kusafishwa. Mama alikwenda kwa Papa Ezekieli kumsihi. Alirudi nyumbani na jibu moja: “Tuliweke kwenye maombi.”

Jumapili hii iliyopita, baada ya ibada, Papa Ezekieli alikuja kwetu. Alikaa kwenye kochi lile lile alilokuwa analala Tonton, akaletewa soda na maandazi. Alikuwa na furaha. Ukuta wa banda umeshajengwa, alisema, limekuwa zuri kuliko zamani, na kanisa linataka kufanyia sherehe yake ya kuadhimisha miaka huko. Kuna watu wa hifadhi wa kupigiwa simu.

“Kadogo wetu sasa amekuwa mdada,” akasema. “Kiingereza kinatoka puani. Hebu tupigie, mama, utuwekee nafasi.”

Mimi huwa nawajibu wazee kwa Kiingereza, au kwa kichwa. Safari hii Kiswahili kilikuja chenyewe. “Nitapiga, Papa Ezekieli. Lakini kwanza nitawaambia nani alibeba mawe.”

Papa wangu aliweka chini kikombe chake.

“Mawe gani?” Papa Ezekieli akacheka, akamgeukia Papa. “Huyu bado anaota makaburi?”

“Siyo makaburi. Ni mawe matatu. Uliyabeba wewe, na namba ilikuchapa kwenye shati.”

“Mtoto wa nani huyu?” Sasa hakucheka. “Baba Kadogo, ndivyo mnavyomlea? Mimi nilikutafutia kazi. Mambo yale tuliyamaliza kikristo.”

“Hayajaisha,” nikasema. Masikio yalikuwa yanawaka, sauti inatetemeka kama ya mbuzi, sitawadanganya. “Riziki yuko kambini. Hayajaisha.”

Papa alifungua mdomo, na nilijua ananiambia nikae kimya. Lakini Mama alitoka jikoni, mikono ina unga, akasimama kati yetu na mlango.

“Piga,” akasema. “Na weka spika, wote tusikie.”

Nikapiga. Simu ililia mara kadhaa, kisha ikapokelewa na sauti ya kijana, mchangamfu, akauliza anisaidie nini. Nikasema jina langu. Nikasema kwamba zamani nilikuwa mtoto niliyetafsiri siku mawe ya ukuta wa nyuma yalipoharibiwa, na kwamba nilichotafsiri hakikuwa kweli, na aliyeadhibiwa hakuwepo. Upande wa pili nikasikia kiti kikivutwa. Yule kijana akasema ngoja kwanza, atafute pa kuandikia. Kisha akauliza: basi, nani aliyachukua?

Nilitafsiri swali hilo kwa Kiswahili, kwa sauti, kama nilivyofundishwa. Papa Ezekieli alikuwa amekaa na chupa ya soda mkononi. Nilisubiri, kwa heshima, ajibu mwenyewe. Alimtazama Papa. Alimtazama Mama mlangoni. Akanywa soda yake.

Nikataja jina lake, na la baba yake, herufi moja moja, maana majina yetu hawajui kuyaandika.